Sosholojia ya chuo binafsi: miaka mitatu ya ada, utafiti tumeuona kwenye slaidi

Wakuu, uzi ni mrefu na nina hasira. Asiyetaka kusoma apite kimyakimya.

Kwenye kundi la WhatsApp la mtaani kwetu kuna wadogo waliomaliza kidato cha sita, wanapigiwa debe wakasome sosholojia kwenye chuo kilekile nilichosoma mimi. Bango lina binti kavaa joho anacheka, chini yake wameandika "ajira serikalini na mashirika ya kimataifa". Chuo sikitaji, transkripti yangu bado iko kwao na wanadai kuna hela ya "huduma za mahafali" sijalipa, mahafali yenyewe sikwenda. Kwa hiyo msihangaike kubahatisha majina.

Kwanza niwajibu wale watakaokuja na "sosholojia ni kozi ya mabishano, ulitegemea nini". Kauli hii ndiyo inayowaokoa wenye vyuo. Chuo kinaboronga, lawama inabebeshwa kozi. Mtu aliyefundishwa sosholojia akafundishika ana ujuzi wa kushika: anaandaa dodoso, anachagua sampuli, anahoji mtu bila kumwekea jibu mdomoni, anachambua data na kuandika ripoti inayosomeka. Matangazo ya Afisa Maendeleo ya Jamii yanayotoka Sekretarieti ya Ajira yanaitaja sosholojia mara kwa mara. Miradi ya afya, ya maji, ya wakimbizi kule Kigoma, yote inataka watu wa kwenda kwa wananchi na kurudi na majibu ya kweli. Sisi tumeuziwa sosholojia iliyotolewa utafiti, yamebaki majina ya Wazungu na tarehe.

Mfano Durkheim, Mfaransa mmoja wa waasisi wa sosholojia. Mwaka 1897 yule mzee alitoa kitabu kizima kuhusu kujiua, na kilichompa heshima ni kwamba alikaa na takwimu za vifo, akalinganisha Wakatoliki na Waprotestanti, waliooa na wasiooa, halafu akauliza kwa nini namba zinatofautiana. Sisi tulifundishwa nini? Aina nne za kujiua. Kariri, taja, eleza, mpe mwalimu. Hatukuwahi kuonyeshwa jedwali lake hata moja. Na hapa nchini matokeo ya Sensa ya 2022 yapo kwenye tovuti ya NBS (Ofisi ya Taifa ya Takwimu) bure kabisa, Watanzania 61,741,120 wamepangwa kwa mkoa, umri na jinsia. Nani aliyafungua darasani? Hakuna. Desa (zile notisi za kukopi) tulilotumia lilikuwa limechapwa zamani mpaka mifano yake inazungumzia idadi ya watu ya sensa ya 2002.

Sasa njooni kwenye SPSS, programu ya kompyuta ya kuchambua data, maana hapo ndipo nilipochoka. Kuna kozi ya uchambuzi wa data. Maabara ya kompyuta ipo, ina kufuli, na funguo anayo mtu ambaye kila siku "katoka kidogo". Mhadhiri akatuletea slaidi zenye picha za SPSS zilizopigwa kutoka kwenye kompyuta ya mtu mwingine, jina la huyo mtu linaonekana pale juu. Mtihani ulipofika swali la tatu likasema: taja hatua saba za kuingiza data kwenye SPSS. Kwa kalamu! Kwenye karatasi! Nilipata A kwenye ile kozi. Programu yenyewe nilikuja kuigusa mara ya kwanza nikiwa nimeshamaliza chuo, kwa laptop ya kuazima.

Kwa wasiojua, mfumo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) unataka shahada ya kwanza iwe na krediti zisizopungua 360, na krediti moja ni saa 10 za kujifunza. Kozi ya krediti 12 ni saa 120, mihadhara, semina, vitendo na kujisomea vyote ndani. Sisi mhadhiri wa muda alikuwa anakuja Jumamosi moja, anaruka mbili, siku akija anafundisha mada nne kwa mpigo kwa sababu jioni ana kipindi chuo kingine. Semina zilikuwa za makundi ya watu thelathini, wanasoma wawili, waliobaki tunaandikisha namba za usajili. Kwenye transkripti krediti 12 zimekaa pale zimenyooka utadhani kuna mtu alizifanyia kazi.

Field, yaani mafunzo kwa vitendo, ndiyo usiseme. Tulilipia hela ya usimamizi, ipo kwenye risiti. Mimi nilipangiwa ofisi ya kata. Kazi yangu ilikuwa kugonga mihuri kwenye barua za utambulisho na kuita watu wa foleni. Msimamizi wa chuo alipiga simu, akaongea na mtendaji dakika mbili, akaniambia logbuku nikaijaze vizuri. Nikaijaza vizuri. Wenzangu wengine hawakwenda kabisa, logbuku walijazia hosteli usiku mmoja, na maksi zetu zilipishana kidogo tu.

Halafu tasnifu. Nje ya geti kuna steshenari, kila mwanafunzi anaijua na nina hakika kila mhadhiri anaijua. Unamwambia mada, anakufungulia folda, unachagua. Rafiki yangu alinunua ya ndoa za utotoni, jalada linasema Shinyanga. Ukifika sura ya nne, wahojiwa wote wako Tarime. Jamaa alibadilisha jalada akasahau ndani. Msimamizi wake alisaini kila ukurasa unaotakiwa kusainiwa na akampa B+. Sasa niambieni nani hapo hakusoma, mwanafunzi au mwalimu?

Mtaniuliza, kwani hamkuwa na namna ya kulalamika? Ilikuwepo. Kila mwisho wa muhula tulijaza tathmini ya wahadhiri kwenye mfumo wa chuo, na ile fomu ndiyo ushahidi wangu mkubwa. Usipoijaza huoni matokeo yako. Unaingia kwa namba yako ya usajili, kwa hiyo ile siri wanayosema ipo, haipo. Swali mojawapo lilisomeka hivi: "Mhadhiri anafundisha vizuri na anawahi kipindi. Ndiyo/Hapana." Sasa kama anawahi lakini hafundishi vizuri unabonyeza wapi? Kosa hilo liko kwenye mhadhara wa pili wa mbinu za utafiti, swali moja kubeba mambo mawili. Wanatufundisha tusilifanye, idara ya wanasosholojia inalo kwenye fomu yake yenyewe na hakuna aliyeshtuka muhula hadi muhula. Matokeo yake watu wanabonyeza "Ndiyo" mfululizo waone kama wana sapu (mtihani wa kurudia), chuo kinachukua zile asilimia kinaenda kuwaonyesha wakaguzi kwamba wanafunzi wameridhika.

Nisiwe mchoyo wa haki, tulikuwa na mzee mmoja. Kastaafu chuo cha serikali, akawa anatufundisha sosholojia ya familia na ukoo. Siku ya kwanza alitutoa darasani, akatupeleka stendi tukawahoji mama lishe kuhusu nani anabaki na watoto wao mchana. Tulirudi na majibu ya ajabu ajabu, bibi zaidi ya baba, jirani zaidi ya shangazi, akatukalisha tuyapange kwa mikono ubaoni mpaka jua linazama. Hakuwa na projekta wala maabara. Nilichonacho kichwani leo kuhusu utafiti kimetoka kwake. Aliondoka mwaka uliofuata, inasemekana malipo yake yalikuwa yanacheleweshwa, na nafasi yake akapewa kijana aliyetuambia tutoe kopi ya handauti.

Ndiyo maana siwezi kukubali kisingizio cha "vyuo binafsi havina hela". Kwenda stendi ni nauli ya daladala.

TCU, mkiwa mnapita huku: mwaka 2017 mlivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya na nchi ikatikisika, kwa hiyo meno mnayo. Mkija kukagua msiishie kuhesabu viti na vitabu vya maktaba. Chukueni tasnifu kumi bila kuchagua, someni sura ya nne mlinganishe na jalada. Ombeni ratiba ya maabara mkamuulize mwenye funguo. Kaeni na wanafunzi wa mwaka wa tatu bila mkuu wa idara kuwepo mlangoni.

Na wewe dogo mwenye HGL yako (Historia, Jiografia na Kiingereza) unayetaka kujaza maombi, usidanganywe na bango. Nenda idarani siku ya kazi, uliza nani ameajiriwa kabisa na nani anakuja Jumamosi. Uliza mwanafunzi wa mwaka wa pili mara ya mwisho ameketi mbele ya SPSS lini. Kumbuka na mkopo: ukishaajiriwa, Bodi ya Mikopo inakata 15% ya mshahara wako, na haiulizi kama ulifundishwa.

Waliosoma sosholojia vyuo vingine, vya serikali na vya binafsi, wekeni yenu hapa tulinganishe, mlihoji watu halisi mwaka wa ngapi? Na kama kuna mdau anajua mafunzo ya jioni ya STATA na KoboToolbox (programu za kuchambua na kukusanya data) hapa Dar yasiyo ya kitapeli, aweke bei waziwazi kwenye uzi, PM yangu imeshajaa madalali.