Waandaaji wa kambi za ziwani Mwanza, mnachukua hela zetu halafu mnatulaza kwenye njia ya viboko

Wakuu, tangu turudi nimejaribu kutulia kwanza ndipo niandike, lakini hasira haijashuka. Kuna watu hapa mjini wameona familia na vijana wanapenda kutoka mwisho wa wiki wakalale kwenye mahema kando ya Ziwa Victoria. Wakanunua mahema ya mtumba, wakapiga picha chache za machweo, na sasa wanakusanya michango bila maandalizi yoyote. Bei yao wala sina shida nayo. Ninacholalamikia ni roho za watu.

Sisi tuliuziwa safari ya kisiwa cha Rubondo. Kikundi chetu kilichanga kidogo kidogo hadi hela ikatimia, wengine wakasema wanakuja na watoto. Tuliahidiwa usiku mbili, mahema chini ya vilima, msitu mgongoni na ziwa mbele. Anayeijua Rubondo ataelewa kwa nini tulifurahi. Ni hifadhi ya taifa tangu 1977, ina kilomita za mraba zipatazo 457 ukihesabu na maji yanayoizunguka, na kisiwa chenyewe sehemu kubwa ni msitu unaoshuka kutoka vilimani hadi ufukweni. Kuna nzohe, wale swala wa majimaji, kuna fisi maji, na kuna sokwe ambao mababu zao walitolewa kwenye bustani za wanyama za Ulaya wakaachiwa huko miaka ya 1960. Watoto wetu walikuwa hawaongei kitu kingine nyumbani zaidi ya sokwe.

Safari ikaanza vizuri. Zamani kisingizio cha kila msafiri wa Geita kilikuwa foleni ya kivuko pale Kigongo, ila daraja limefunguliwa tangu Juni 2025 na unavuka kama unavyokwenda sokoni. Kwa hiyo hakuna aliyetuchelewesha njiani. Tumeshapita Geita, tunaelekea Nkome, ndipo mwandaaji akaanza kubadilisha maneno. Mara hifadhi imejaa. Mara boti ina hitilafu. Mara kuna sehemu nyingine "nzuri kuliko Rubondo" anayoijua yeye.

Nikamuuliza mbele ya watu wote: namba ya kumbukumbu ya malipo ya kiingilio iko wapi? Ada za hifadhi zinalipwa serikalini kwa namba hiyo, na ukishalipa unayo stakabadhi kwenye simu. Hakuwa nayo. Hakuwa amelipa kitu, hakuwa ameomba sehemu ya kuweka kambi, hakuwa amezungumza na mwenye boti yeyote. Mtu amekaa na hela zetu wiki nzima, hata simu moja hajapiga! Na utaratibu si wa siri. Unaweza kuondokea Nkome, au ukaenda mbele hadi Kasenda, upande wa Muganza kule Chato, ambako safari ya majini ni fupi zaidi. Vyovyote vile boti inapangwa kabla hujaondoka Mwanza. Ndiyo kazi tuliyomlipa aifanye.

Tukapelekwa kwenye mwalo. Dagaa wameanikwa mchangani, nyavu zimetandazwa, wavuvi wa watu wako kwenye shughuli zao. Hapo akakodi mtumbwi wa injini atuvushe hadi ufukwe mwingine. Nikauliza maboya ya kuvaa. Yakaletwa machache kuliko watu, na nilichokiona nitakieleza kama kilivyokuwa. Nililoshika mimi kitambaa kilikuwa kimepauka hadi cheupe, ukibonyeza sponji la ndani linavunjika vipandevipande, kifungo cha kiunoni hakipo na badala yake amefunga kipande cha kamba ya nyavu. Boya la mtoto hakuna hata moja. Nikakataa kupanda, na akina mama wenye watoto wakakataa pamoja nami. Jibu lake: "Dada yangu, maji yako shwari, hawa vijana wamezaliwa humu."

Unamwambia nani maneno hayo? Mwanza hii ilizika watu wa MV Bukoba, Mei 21, 1996. Septemba 20, 2018 MV Nyerere ilipinduka ikiwa karibu kabisa kufika Ukara, watu nchi kavu wanaiona kwa macho. Hizo zilikuwa meli na kivuko, wewe unatuletea mtumbwi na sponji lililooza. Halafu shwari ya saa tisa alasiri si hoja kwa mtu anayepanga kulala. Ziwa hili lina tabia yake: usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko maji, upepo unatoka pande zote kuelekea ziwani, hewa inapanda huko kati na radi zinapiga kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri. Wavuvi wote wanalijua hilo. Anayekupangia kurudi na mtumbwi saa kumi na moja alfajiri msimu wa mvua, bila hata kusikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, hafai kupewa dhamana ya watu.

Ikabidi tuzunguke kwa gari hadi tukafika kwenye huo ufukwe wake. Giza linaingia, vijana wake wanapigilia mahema kwenye nyasi fupi nzuri, hatua chache kutoka majini. Mzee mmoja wa pale alikuwa anapita na jembe lake, akasimama, akatuamkia, kisha akatuuliza kama tumekosa pahali pa kulala. Akatuonyesha. Kati ya mahema mawili ilipita njia pana imekanyagwa, mitaro miwili imezama kwenye udongo na katikati umebaki mgongo wa nyasi, pembeni vichaka vimepakwa mavi yaliyorushwa. "Huyo ni kiboko, wanangu. Anapanda hapa usiku kula, na kurudi anarudi hapahapa. Akikuta kitu kimemziba anakipita juu." Tukang'oa mahema gizani, watoto wanalia. Mzee wa watu akatusogeza karibu na mji wake, tukalala uani kwake. Hakutaka hata senti. Mungu ambariki sana.

Asubuhi ndiyo niligundua kwamba hakuna choo, hakuna maji ya kuoga, na ratiba yake imeandika "kuoga ziwani, saa nne". Hapa naomba wenye watoto wasome taratibu. Kichocho katika ziwa letu kiko juu sana, na huyu bwana anapanga watoto waingie majini wakati mbaya kuliko wote. Vijidudu vinatoka kwenye konokono wadogo wanaokaa kwenye majani ya ufukweni, na vinatoka kwa wingi jua likiwa kali, takriban saa nne hadi saa nane mchana. Vinapenya ngozi nzima isiyo na kidonda, huhitaji kunywa maji. Kambi ya maana inachota maji, inayachuja yasiwe na konokono, inayaacha kwenye mapipa kwa siku mbili ndipo watu waoge, kwa sababu vijidudu vikikosa mwili wa kuingia hufa. Au inayachemsha. Ni kazi ya mapipa mawili matatu na mtu mmoja aliyetangulia! Kwa wale walioingia, na wapo walioingia kabla sijawazuia, nimeshawaambia waende hospitali waeleze. Wasikimbilie kumeza prazikwanteli kesho yake wakadhani wamemaliza, maana vijidudu hivyo vikishaingia mwilini vinakua minyoo, na dawa hiyo ya kichocho haiui vizuri minyoo ikiwa bado michanga. Kwa kawaida dozi ya maana ni ile ya wiki sita hadi nane baadaye.

Kuni alitaka tukate tu msituni. Msitu wa watu! Misitu ya hifadhi ina wenyewe na ina vibali. Na kipindi cha kiangazi, Juni hadi Septemba, moto mmoja usiozimwa unapanda kilima chote.

Jambo dogo lakini linaonyesha mtu amejipanga au hakujipanga: mwezi. Usiku wa giza ndio wavuvi wa dagaa wanaingia kazini, taa zimejaa ziwani na mwalo haulali, injini na kelele hadi asubuhi. Usiku wa mbalamwezi wengi wanapumzika. Ukipanga kambi karibu na mwalo unaangalia kalenda ya mwezi. Yeye hata hilo lilimshinda.

Tuliporudi tukadai hela. Kwanza alisema "tuongee kiutu uzima". Kisha akasema hela imeliwa na mafuta na mahema. Sasa hivi anasoma meseji na hajibu, huku ametangaza safari nyingine, picha zilezile za machweo. Simtaji jina kwa sababu suala tumeshalifikisha kunakohusika. Ninachokitaka ni hela ya kikundi irudi yote, pamoja na ya wale walioshukia Geita wakapanda basi la kurudi. Na ninyi wengine mnaofanya biashara hii, kabla hamjapokea muamala wa mtu tumeni stakabadhi ya hifadhi au kibali cha msitu, picha ya boti na maboya yenyewe, yakiwemo ya watoto, na jina la kijiji mtakapolaza watu. Mwenyekiti wa kijiji awe anajua mnakuja. Asiyeweza kutuma hivyo hana safari.

Bado tunataka kwenda Rubondo, watoto wameahidiwa. Aliyevuka karibuni kutokea Kasenda na kikundi chenye watoto, naomba aweke hapa alivyopanga boti na alilipa wapi, tujipangie wenyewe.