Filamu ya dakika 8, Bagamoyo: ifunguke kwa ipi kati ya hizi tatu?

Pwani_Kamera: Wakuu, hadithi ni binti anayetaka kuuza ngalawa ya marehemu baba yake, kaka mtu hataki. Ipi inashika mtazamaji?
A. Droni juu ya majahazi alfajiri, muziki, jina la filamu. Sekunde 45.
B. Soko la samaki. Binti anataja bei, kaka anadakia: "Haiuzwi."
C. Skrini nyeusi, nyundo ya fundi anayetia kalafati, ndipo picha.

Mhariri_Dunda: A hapana. Sekunde 45 ni karibu sehemu ya kumi ya filamu yako, na bado hatujui nani anataka nini. Halafu droni ina kibali chake cha TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga), mbali na kile cha Bodi ya Filamu. Ukiipenda sana, ipe sekunde 6 baada ya ugomvi.

SautiKwanza: B ni tamu ila sauti itakutesa. Ukikata kutoka kwa binti kwenda kwa kaka, kelele za mnada zinaruka na mshono unasikika. Wavalishe wote wawili maiki za kifuani, na maiki ya mti (inayoshikwa kwenye fimbo ndefu) ikae juu ya fremu, kama sentimita 50 kutoka mdomoni. Kisha rekodi kelele za soko peke yake dakika 2, uzilaze chini ya tukio zima. Maiki ivae kofia ya manyoya ya kuzuia upepo. Mvumo wa upepo wa bahari ukishaingia, kuuondoa ni kula na maneno ya mtu.

Mbao_na_Tanga: Mkuu, ngalawa huchongwa kwenye gogo moja. Kalafati ni pamba inayoshindiliwa kwenye mishono ya mbao, kwa hiyo iite mashua. Watu wa hapa watakucheka dakika ya kwanza tu.

Pwani_Kamera: Duh! Mashua basi. Na C ikiunganishwa na B?

Mhariri_Dunda: Hapo sawa. Giza lisizidi sekunde 4, mtandaoni mtu atadhani bando limekata. Weka jina la filamu humo humo. Picha ya kwanza iwe mkono na pamba, karibu kabisa, ya pili, binti: "Milioni moja na laki mbili."

SautiKwanza: Na nyundo iendelee chini ya bei, ikome kaka akisema "Haiuzwi."

Mbao_na_Tanga: Jua hapa linatokea baharini. Waigizaji wakiipa bahari mgongo asubuhi, nyuso zitakuwa nyeusi. Kamera ndiyo iipe mgongo. Epuka pia siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida: mashua inayoelea saa kumi na mbili, saa tatu inaweza kuwa imekaa mchangani, na shoti hizo haziungani.