Kuseti tapeti nyumbani: fila geji, wembe au sikio la fundi?

Mzawa_Moro: Wadau naombeni msaada, nina pikipiki ya Kichina injini ya CG125 ile ya push rodi, asubuhi hedi (kichwa cha injini) inalia tik tik tik. Nimepeleka kwa fundi mara mbili, anaseti injini ikiwa ya moto, anakaza huku anasikiliza, kelele zinaisha kabisa ila wiki haipiti pikipiki ikishapata moto inagoma kuwaka na mlimani haina nguvu. Sasa nataka niseti tapeti mwenyewe, yaani ile nafasi ndogo kati ya roka (mkono unaosukuma valvu) na valvu, kuna anaesema fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) kuna anaesema wembe unatosha. Nishike lipi?

fundi_kitaa: Kaka hiyo kelele kuisha kabisa ndo ugonjwa wenyewe. Tapeti iliyosetiwa vizuri inalia kidogo. Ukikaza mpaka kimya valvu haikai vizuri kwenye siti (pale inapofungia ndani ya hedi), kompresheni inavuja, na ya eksosi ndo inaungua kwanza manake joto lake inalitolea pale pale inapokalia siti. Nafasi ya CG125 ni 0.08 mm, inteki (valvu ya kuingiza) na eksosi zote sawa, na unapima ikiwa ya baridi, imelala usiku kucha. Sikio halisomi 0.08.

DadaBoda: Mi natumia wembe mwaka wa tatu huu. Wembe wa kawaida wa pande mbili una unene wa 0.1 hivi, kwahiyo tapeti inabaki imelegea kidogo kuliko inavyotakiwa, inalia lakini valvu haijaungua. Chukua mpya usio na kutu na uuvunje katikati ukiwa bado ndani ya karatasi yake, mimi ulinikata kidole nikiusukuma chini ya roka.

Chalinze88: Dada wembe ukiwa porini sawa, ila nyumbani nunua fila geji. Ya 0.08 ipite kwa kukwaruza, ya 0.10 igome, basi umemaliza. Wembe unakwambia inapita au haipiti tu, haukwambii eksosi ilikuwa imebana kiasi gani, na kama kila mwezi unaikuta imebana ujue siti inaliwa, hapo ni kufungua hedi.

fundi_kitaa: Na mkuu kipimo chochote utakachotumia, ukikosea T (alama ya pistoni ikiwa juu kabisa) umekosea vyote. Toa plagi izunguke kirahisi, fungua vizibo vya kava ya magneti kushoto, zungusha na soketi kinyume na saa mpaka T ikae kwenye alama, sio F, hiyo ni ya moto wa plagi. Alafu tikisa roka kwa vidole, zikicheza zote mbili uko kompresheni, moja ikibana zungusha raundi nzima tena. Ukikaza nati shikilia skrubu, na upime upya maana nati huwa inaivuta.

Mzawa_Moro: Nimepata fila geji Gerezani, Dar, elfu nane, leo alfajiri nimefungua. Jamani eksosi hata ya 0.04 haikuingia! Inteki ilikuwa 0.05. Nimeseti zote 0.08, nati imenivurugia mara tatu kweli inavuta, mpaka nikazoea kuacha geji ndani huku nakaza. Imewaka kiki ya kwanza, tik tik ipo kidogo, nikaizima ya moto nikapiga tena ikawaka. Kesho naenda nayo Matombo kuchukua ndizi, nikirudi ntasema mlimani imekuwaje.