Naomba ushauri: aliyeokoka anajiandaaje kwa unyakuo akiwa bado na majukumu ya nyumbani?

Mkesha24
Habari zenu wadau. Mimi ni fundi pikipiki huku Bweyale, Uganda, nimeokoka huu mwaka wa nne. Nisiwachoshe, kuna jambo linaninyima usingizi. Dalili zote tunaziona, vita, njaa, upendo wa wengi kupoa, Mathayo 24 yote iko wazi, na mimi nikijiangalia najiona siko tayari kabisa Yesu akija kunyakua watu wake. Swali langu ni dogo tu, mtu anayejua Bwana yuko mlangoni anatakiwa aachane na vitu gani? Nasema vitu vya dunia kama biashara, ploti, fizi za shule za watoto na mambo kama hayo. Au unaendelea navyo hivyo hivyo? Naomba wajibu waliookoka, wenye kejeli wapite tu.

Mama Sifa
Bwana asifiwe kaka. Utayari ni wa moyo. Soma Mathayo 25, wale wanawali kumi wote walikuwa na taa na wote walisinzia, hata wenye busara walisinzia, hapo watu huwa wanaparuka. Kilichowatenganisha ni mafuta. Mimi kuna mtumishi alituambia zamani malaika hawatambeba mtu mwenye nywele za bandia, nikaacha kusuka muda mrefu sana, kichwa kikawa kama cha mwanafunzi wa bweni, siku niliyorudi saluni mume wangu alimshukuru Mungu kwa sauti kuliko siku niliyookoka. Kwa hiyo kuwa makini na unachoambiwa uache.

Kijana wa Arua Park
Mimi ni mwenye kejeli lakini sipiti. Hiyo ploti iko upande gani na unaiachia bei gani? Kama dunia inaisha niwekee laki mbili, hela nyingi utaipeleka wapi.

Sabato Njema
Ndugu, sisi Wasabato hili somo tulilipia ada. Kule Marekani William Miller alihesabu Danieli 8:14, watu wakaja kushikilia tarehe 22 Oktoba 1844 kwamba ndiyo Yesu anarudi. Kuna wakulima waliacha viazi ardhini hawakuvichimba, kisa nani atakula. Ikapita ile siku, usiku ukaingia, asubuhi wakaamka wako pale pale na majirani wanawacheka. Kanisa letu lilitokana na waliobaki wakirudi kwenye Maandiko wakilia, likaundwa rasmi 1863. Tangu hapo sisi tunasema anakuja upesi lakini siku hatuitaji. Ila ndugu, ukitaka utayari wa kweli anza na amri ya nne, Jumamosi unafanya kazi?

Mlokole Asilia
Tumeanza sasa, mtu ameuliza unyakuo tunaingia Sabato.

Afande Mstaafu
Kijana, nimesoma ulichoandika mara mbili. Mtu anayetafuta mbingu anauliza habari ya dhambi, anauliza habari ya maombi. Wewe umetaja ploti, umetaja fizi. Hayo maneno hayajaja yenyewe. Umeuza?

Mkesha24
Sijauza afande. Bado haijakamilika. Na wewe wa Arua Park nimekusamehe.

Bint Nubi
Haijakamilika ndiyo nini kaka? Hela umepokea au hujapokea? Mimi ni Mwislamu wa Bombo hapa napita tu, lakini hilo ni swali la dini zote.

Mkesha24
Sawa, naeleza maana naona mnataka kunifanya kama mtuhumiwa. Kuna ushirika wa maombi naenda, siyo kanisa kubwa, tunakutana nyumbani kwa mama mmoja anayeona maono. Mama huyu hajataja tarehe, naomba mlielewe hilo kabla hamjarusha mawe. Alichoonyeshwa ni kwamba mahindi ya msimu huu hatutayavuna. Basi. Watu wamekubaliana tujiepushe na vya dunia, nikapata mnunuzi wa zile ekari mbili nikapokea nusu, milioni saba. Tano nikaziweka kwenye kazi ya Mungu. Matendo 4, waliokuwa na viwanja waliviuza wakaleta thamani yake miguuni pa mitume. Sasa kama mitume walifanya, mimi ni nani? Na Bwana alisema mkumbukeni mkewe Lutu. Sitaki kugeuka nyuma.

Mama Sifa
Yesu wangu. Milioni tano!

Sabato Njema
Ukisoma Matendo 4 usifunge kitabu, endelea na ya 5. Petro anamwambia Anania kwamba kiwanja kabla hakijauzwa kilikuwa chake, na baada ya kuuzwa hela bado ilikuwa mikononi mwake. Maana yake hakuna aliyelazimishwa, kosa lake lilikuwa uongo. Halafu soma Warumi 15, Paulo anazunguka Makedonia na Akaya anachangisha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Ni Yerusalemu ile ile ya waliouza viwanja.

Afande Mstaafu
Ngoja niwaambie vijana, wengi mlikuwa hamjazaliwa. Mwezi wa tatu mwaka 2000 mimi nilikuwa Mbarara. Kanungu wakati ule ilikuwa bado ni sehemu ya Rukungiri, haijawa wilaya. Kulikuwa na kundi la Kibwetere na yule mama Credonia Mwerinde, walijiita warejeshaji wa Amri Kumi. Walisema dunia inakwisha mwisho wa 1999. Ikaja tarehe 31 Desemba ikapita. Watu waliokuwa wameuza ng'ombe na mashamba wakaanza kuuliza, hela zetu ziko wapi? Hapo ndipo pabaya, si pale mtu anapotabiri, ni pale watu wanapoanza kudai. Wakatabiriwa tena, wakafanya sherehe, wakachinja, wakanywa soda, na tarehe 17 Machi watu mamia waliteketea ndani ya nyumba ya ibada, milango na madirisha yamepigiliwa misumari. Watoto humo ndani. Baadaye zikafukuliwa maiti nyingine kwenye nyumba zao, mpaka kwa padri Kataribabo kule Rugazi. Hakuna kiongozi hata mmoja aliyefikishwa mahakamani. Tulifikiri Afrika imejifunza, halafu 2023 Kenya wakafukua msitu wa Shakahola, maiti za waumini zaidi ya mia nne. Kijana, huyo mama wa maono mkimuuliza habari ya hela anajibu vipi?

Mkesha24
Afande kwa heshima zote usimfananishe na Kibwetere. Huyu mama hana hata gari. Hata kitambulisho cha taifa alikirudisha, sisi wote tuliambiwa ndagamuntu ni maandalizi ya 666 na tukaachana nazo, hawezi kuwa mtu wa tamaa.

Kijana wa Arua Park
Mnunuzi ni nani lakini? Hilo mbona hamjauliza.

Mkesha24
Ni mzee wa ushirika. Alijitolea kuinunua ili isiende kwa watu wa dunia.

Kijana wa Arua Park
NANI?? Yaani anaamini mahindi hayatavunwa na ananunua shamba? Banange.

Bint Nubi
Na nusu iliyobaki atakulipa lini?

Mkesha24
Mwezi wa pili mwakani. Endapo Bwana atakawia.

Kijana wa Arua Park
Nimeanguka kwenye kiti. Nisaidieni.

Mlokole Asilia
Cheka tu ndugu yangu, siku ile hutacheka. Kuna roho ya dhihaka humu jukwaani na imetabiriwa, 2 Petro 3. Mimi sisemi yule mzee ni sahihi ila msiguse watumishi. Kama ndugu ametoa kwa moyo Mungu ameona.

Mama Sifa
Mlokole, na 1 Timotheo 5:8 nayo umeiona? Asiyewatunza wa nyumbani mwake ni mbaya kuliko asiyeamini. Kaka, fizi ulizotaja ni za nani?

Mkesha24
Binti yangu yuko S4, kidato cha nne. Mtihani ni mwisho wa mwaka, nikaona haina haja ya kumaliza kulipa. Yuko nyumbani, anasoma Biblia.

Mama Sifa
Anasoma Biblia au analia?

Teacha
Samahani wadau, mimi nasahihisha karatasi huku nasoma, na kuna mahali pamenikwama. Ndugu Mkesha24 umesema mliachana na vitambulisho vya taifa kwa sababu ya 666. Vizuri. Uganda hii laini ya simu haisajiliwi bila hicho kitambulisho. Unaandika hapa kwa laini gani? Na milioni saba ulipokea vipi, kwenye gunia? Halafu ndugu aliyekata tamaa na dunia anakuja kwenye jukwaa ambalo jana watu walikuwa wanabishana mechi. Hadithi imepangwa, kila mkiuliza kinatoka kipande kipya kikali kuliko cha kwanza. Ploti, mnunuzi, binti. Nawafundisha watoto kuandika insha, najua insha nikiiona.

Kijana wa Arua Park
Teacha umeniharibia, nilikuwa naifuata kama tamthilia. Lakini kweli kuna yule jamaa wa mwaka jana aliyesema amefungiwa hotelini Juba, tukachangishana, kumbe yuko Ntinda hapa Kampala anakula rolex, chapati na mayai.

Mlokole Asilia
Hata mimi nilihisi. Ni mtu anataka kuwachafua waliookoka.

Mkesha24
Laini ni ya shemeji. Hela nilipewa mkononi, ofisini kwa LC wani, mwenyekiti wa kijiji, akagonga stampu yake na kuchukua elfu hamsini yake. Sijaomba mtu shilingi hapa. Teacha kama unaona ni insha nipe maksi uende.

Bint Nubi
Shemeji yupi? Kaka wa mkeo? Na mkeo katika haya yote yuko wapi, alisaini?

Teacha
Hilo ndilo swali.

Mkesha24
Mke wangu yuko Hoima anamuuguza mama yake tangu wakati wa kupanda. Nilipanga kumwambia akirudi. Yeye imani yake bado changa.

Mdau wa Ardhi
Huwa naandaa makubaliano ya viwanja, nitasema moja nirudi kazini. Sheria ya Ardhi ya 1998 pamoja na marekebisho yake, ardhi ambayo familia inaishi juu yake na kula kutoka kwake, mume hawezi kuiuza bila mke kukubali, na mke vile vile. Stampu ya LC haibadilishi kitu, LC ni shahidi tu. Bila idhini yake huo uuzaji ni batili. Lakini usifurahi haraka, mnunuzi aliyenunua kwa nia njema bila kujua ana haki ya kukudai alichokulipa. Kwa hiyo mke akikataa ardhi inarudi na deni la milioni saba linakuja kwako, na tano ushazitoa. Ila huyo mzee anamjua mkeo, wanasali pamoja, atasema vipi hakujua? Hapo tafuteni wakili, kuna wanaosaidia bure.

Afande Mstaafu
Umesikia. Iwe ni insha au ni kweli, Kanungu haikuwa insha. Kesho nenda kwa huyo mzee, usibishane naye. Mwambie akurudishie maandishi mpaka mama wa nyumba arudi. Angalia uso wake.

Bint Nubi
Na sisi kwetu tumefundishwa, Kiyama kikikukuta na mche mkononi na ukaweza kuupanda, upande. Palilia mahindi yako kaka. Binti arudi shule na hizo mbili zilizobaki.

Mkesha24
Nimerudi. Nilienda kwa mzee leo asubuhi. Hakuwepo nyumbani, mke wake akanielekeza shambani. Nikamkuta na vibarua watatu wanapalilia mahindi, na mengine pembeni yameshawekewa mbolea, gunia liko pale chini limefunguliwa. Aliponiona akasema anawasaidia tu vijana wapate chakula cha siku. Nikamwuliza habari ya maandishi, akasema nisisikilize watu wa kwenye simu. Mimi sikumwambia kama nimeandika kwenye simu.

Teacha
Anapalilia! Sasa ndiyo nina uhakika. Maisha hayapangiki vizuri namna hii, huyu ni mwandishi.

Sabato Njema
Teacha, wakulima wa 1844 walioacha viazi walikuwa waumini. Waliokuwa hawaamini ndio walichimba. Mimi naona imekaa sawa.

Kijana wa Arua Park
Mbolea gani ametumia? DAP? Maana hiyo bei yake msimu huu mtu hawezi kuitupa kama haamini mavuno. Huyo mzee ana imani kuliko sisi sote.

Mlokole Asilia
Naombeni uzi ufungwe, unadhalilisha imani.

Mama Sifa
Usifungwe. Kaka, binti ameshaenda shule?

Mkesha24
Nimempeleka mchana huu. Mwalimu mkuu amekubali nilipe kidogo kidogo, jina lake la mtihani lilikuwa limeshasajiliwa tangu mapema. Zile tano nilizotoa bado sijaziuliza, yule mama wa maono husema hela ya madhabahu hairudi. Halafu kuna jambo jingine, mke wangu amesema anarudi Jumamosi. Hapo nako naomba ushauri, namwanzaje?

Kijana wa Arua Park
Ssebo, wewe ulikuwa unatafuta tarehe ya mwisho wa dunia. Ni Jumamosi.

Bint Nubi
Usimsubiri afike akutane nalo kwa majirani. Mpigie leo, umwambie yote mpaka ya LC, na shemeji awe amekaa karibu yako. Halafu nyamaza aongee.