Beetle ya 1969 inachemsha mlimani: nianze na injini au bodi?

Mwenye Beetle, Tanga:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kazi.

Nina Volkswagen Beetle 1300. Namba ya chesi inaanza na 119, ya injini inaanza na F. Ilikuwa ya baba mdogo, ikalala bandani Chumbageni miaka mingi mpaka aliponikabidhi. Naitengeneza mwenyewe nyumbani, jioni nikitoka kazini na siku za Jumapili. Nimesafisha kabureta, nimeweka plagi, platini na kondensa mpya, na masta silinda ya breki nimebadilisha.

Mjini haina tatizo, unapiga stata mara moja inawaka. Shida ni safari. Mpaka Muheza inakwenda vizuri. Nikikaribia Korogwe naanza kusikia harufu ya oili iliyoungua. Kupanda kutoka Mombo kwenda Soni nguvu zinaisha kabisa, na nikisimama taa ya oili inawaka ikiwa kwenye sailensa (injini inanguruma bila kukanyaga aksileta). Ikipumzika nusu saa, inarudi kuwa nzima.

Fundi mmoja amenishauri nitoe thamostati, nitoboe matundu kwenye boneti ya nyuma na nifunge pistoni za injini kubwa zaidi, ya 1600. Mwingine anasema injini imechoka, niiuze kwa wanaonunua vyuma. Tena sakafu chini ya kiti cha nyuma imeliwa na kutu. Nategemea mshahara, siwezi kufanya vyote kwa pamoja. Nianze wapi?

Fundi mstaafu, Moshi:

Marahaba kijana wangu, na hongera kwa kuitoa bandani.

Kwanza ujue ulichonacho. 119 maana yake ni Type 11 (namba ya Volkswagen kwa Beetle) ya mwaka wa modeli 1969, na F ni injini ya 1300. Kwa hiyo inawezekana kabisa ni injini iliyokuja na gari, jambo ambalo kwa Beetle zetu si la kawaida, kwa sababu nyingi zimebadilishwa injini mara kadhaa. Usiiuze kwa mtu wa vyuma.

Pistoni za 1600 achana nazo. Silinda hedi zako zitabidi zitanuliwe, utalipa karakana ya kukereza, na mwisho wa yote utakuwa umeongeza moto kwenye injini ambayo tayari haipati hewa. Matundu kwenye boneti pia usitoboe. Hewa ya injini hii inaingia kupitia matundu yaliyo chini ya kioo cha nyuma, huko juu, mbali na eksozi. Ukitoboa ovyo karibu na eksozi unaialika hewa ya moto.

Injini ya Beetle haina maji, haina rejeta. Ina feni, na ina mabati. Vijana wengi wanaiona feni na kuisahau kazi ya mabati. Feni inasukuma hewa ndani ya nyumba yake, mabati yanaibana ipite katikati ya mapezi ya silinda (vibati vyake vya kutoa joto), kisha inatoka chini ikiwa ya moto. Mabati yale yale, pamoja na mpira unaozunguka injini yote, yanazuia hiyo hewa ya moto isirudi juu kwenye feni. Bati moja likikosekana au mpira ukikatika, feni inanyonya moto wake yenyewe. Mjini huoni chochote kwa sababu unasimama na kuondoka. Ukikaza mwendo saa mbili mfululizo kisha ukakutana na mlima wa Mombo, hapo ndipo deni linadaiwa.

Fanya hivi. Washa injini ikiwa kwenye sailensa, fungua boneti ya nyuma. Chukua kipande cha uzi wa cherehani, urefu kama kiganja, ukishike kwa vidole viwili, ukipitishe polepole kwenye ukingo wote ambapo bati la injini linakutana na bodi. Kishike imara, na mkono ukae mbali na mkanda. Mahali ambapo mpira ni mzima, uzi utaning'inia tu. Penye uwazi, uzi utacheza, na ukiweka mkono utasikia hewa vuguvugu kutoka chini. Angalia pia waya za plagi: kofia zake zina mpira mpana wa duara unaoziba tundu la bati. Waya nyingi zinazouzwa sasa hazina mpira huo, na unabaki na matundu manne yanayovujisha hewa. Mpira wa pembeni ukikosa wa dukani, mpira wa ndani wa tairi la lori ukikatwa vizuri unafanya kazi.

Halafu, kwa kuwa gari ililala bandani, nyumba ya feni lazima ifunguliwe. Nimekuta humo viota vya panya vimejaa hadi kwenye kipoza oili, na udongo wa nyigu katikati ya mapezi ya silinda. Kwa modeli yako kipoza oili kimesimama ndani ya nyumba ya feni, juu ya silinda za kushoto, na kinaiba hewa ya silinda namba 3. Volkswagen wenyewe walikihamisha pembeni kuanzia modeli ya 1971. Kwa hiyo kwenye injini yako namba 3 ndiyo mgonjwa wa kwanza siku zote.

Sasa tapeti, yaani nafasi ndogo kati ya kila valvu na kipande kinachoisukuma. Zipime asubuhi, injini ikiwa ya baridi kabisa imelala usiku mzima. Nafasi ni milimita 0.15, valvu za inteki (kuingiza) na za eksozi (kutoa) sawa. Anza na silinda namba 1, kisha zungusha puli nusu mzunguko kinyume na saa uende namba 2, tena nusu uende 3, tena nusu uende 4. Fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) ipite kwa kusuguana kidogo. Usirekebishe kabla ya kuandika ulichokuta kwenye kila valvu. Karatasi hiyo ndiyo itakayotuambia hali ya injini.

Thamostati iache kama ipo. Ikifa, inabaki imefungua milango ya hewa, haikudhuru. Ikiwa nzima inasaidia injini ipate joto haraka asubuhi, na injini inayochelewa kupata joto inalika mapema. Oili weka SAE 30 au 40, lita 2.5 tu, na kila kilomita 5,000 imwagwe na chujio la chini lioshwe. Injini hii haina filta ya oili ya karatasi.

Mpwani, Mombasa:

Mzee wangu hapo umenena. Mimi naongezea upande wa bodi, maana sisi wa pwani chumvi tunaijua.

Ndugu wa Tanga, kutu unayoiona chini ya kiti cha nyuma ni pale penye betri, upande wa kulia. Asidi na unyevu vimekula pale. Hiyo ndogo. Kubwa ni ile mihimili miwili inayopita chini ya milango, kushoto na kulia, ambayo ndani yake ni mirija ya hewa ya hita. Ndiyo inayoshika bodi isipinde. Chukua bisibisi butu uisukume kwa nguvu kuanzia chini, mwanzo hadi mwisho, hasa karibu na magurudumu ya mbele. Kama inazama, usiende tena Lushoto mpaka ichomelewe. Mlango nao unakwambia: ukifunguka na kushuka, au nafasi yake na bodi ikiwa haiko sawa juu na chini, bodi imeanza kupinda.

Wakati wa kuchomelea, usikate pande zote mbili kwa pamoja. Chomelea mabomba ya chuma ndani ya gari kwenye fremu za milango kwanza, ndipo ukate upande mmoja, umalize, upime mlango, uhamie wa pili. Hapa mtaani kwetu kuna gari ilikatwa pande zote ikiwa juu ya mawe. Milango yake haijafunga vizuri tangu siku hiyo.

Na puti (lipu ya kusawazisha bodi) isitumike kuziba tundu la kutu. Kata mpaka ufike chuma kizima.

Jambo la mwisho linagusa maneno ya mzee. Huku pwani wengi walitupa maboksi ya hita, wakaweka mabomba ya eksozi ya kawaida, maana nani anataka hita Tanga? Lakini nyumba ya feni ina midomo miwili iliyokuwa ikipeleka hewa kwenye hayo maboksi. Ikiachwa wazi, hewa inamwagika bure. Angalia yako kama imezibwa.

Mwenye Beetle, Tanga:

Ahsanteni sana. Nimefanya leo asubuhi kabla injini haijawashwa, kisha jioni nikafanya ya uzi.

Uzi: upande wa kushoto wote umecheza, mpira umekauka na kipande hakipo. Kofia za plagi hazina mpira hata moja. Midomo miwili ya nyumba ya feni iko wazi, maboksi ya hita hayapo. Nyumba ya feni bado sijaifungua.

Tapeti: silinda 1, 2 na 4 zote zipo kati ya 0.13 na 0.18. Namba 3 inteki 0.15. Namba 3 eksozi fila geji ndogo kuliko zote haipiti, imekaza kabisa. Na hizi tapeti nilizirekebisha mwezi uliopita, zote zilikuwa 0.15.

Mihimili ya pembeni: kulia ni mzima, kushoto bisibisi imezama karibu na gurudumu la mbele.

Dereva wa Kombi, Nairobi:

Heshima kwenu wote. Tapeti nawaachia wenye kazi yao, mimi nataka kusema juu ya moto, kwa sababu Volkswagen nyingi za zamani hazikuuawa na kutu, ziliungua.

Ndugu, hozi za petroli badilisha zote leo, hata zile zinazoonekana nzima. Ile ya asili iliyofumwa kwa nyuzi nje inapasuka ndani na huoni. Shika kijibomba cha shaba kinachoingiza petroli kwenye kabureta ukivute kwa mkono. Kikicheza, kitachomoka safarini na petroli itamwagika karibu na disitributa, penye cheche. Filta ya petroli usiining'inize ndani ya chumba cha injini, iweke chini karibu na giaboksi. Na betri iwe na kifuniko, kwa sababu springi za kiti cha nyuma zikishuka mtu akikaa zinagusa ncha zake na kiti kinawaka.

Wanaosema gari hii haiwezi milima wakumbuke kwamba Tommy Fjastad alishinda Safari Rally mwaka 1962 akiendesha Beetle. Ilikuwa na injini ya kupozwa na hewa vilevile.

Fundi mstaafu, Moshi:

Kijana, umefanya kazi nzuri, na hiyo karatasi yako imesema. Gari isiende popote sasa. Hata sokoni.

Tapeti ya eksozi ikijifunga yenyewe ndani ya mwezi mmoja wakati nyingine zote zimetulia, aghalabu ni valvu inayovutika. Shingo yake inarefuka kwa moto, na kila inaporefuka nafasi inapungua. Wengi wanachofanya ni kulegeza tapeti warudishe 0.15, gari inatulia, wanashukuru Mungu. Wanarudia hivyo mara kadhaa, halafu siku moja barabarani kichwa cha valvu kinakatika, kinaangukia juu ya pistoni, na injini inanoki hapo hapo. Hedi, pistoni na pengine hata krenkikesi (ganda kuu la injini) vinakwenda. Wewe umeiwahi. Injini hiyo haijachoka, silinda tatu zina afya.

Shusha injini. Ni boliti nne za kuishika kwenye giaboksi, waya wa aksileta, hozi ya petroli na nyaya za dainamo. Ina uzito wa zaidi kidogo ya kilo 100, kwa hiyo jeki ya magurudumu chini yake na mtu wa pili wa kuisawazisha. Ivute nyuma ikiwa imenyooka mpaka shafti ya giaboksi itoke kabisa kwenye klachi. Usiiache ining'inie kwenye shafti hiyo hata dakika moja.

Fungua hedi ya kushoto. Valvu zote mbili za eksozi za hedi hiyo badilisha pamoja na gaidi zake (mirija inayoziongoza), usibadilishe moja. Kabla ya kuirudisha, ishike mbele ya mwanga uchungulie katikati ya mapezi karibu na tundu la eksozi. Mara nyingine utakuta mabaki ya kiwandani, aluminiamu iliyomwagika wakati wa kuisubu, yameziba njia ya hewa. Yaondoe kwa msumeno mwembamba au tupa. Kazi hiyo haigharimu shilingi, na inaipa namba 3 hewa ambayo pengine haijawahi kuipata tangu 1969.

Injini ikiwa chini ndipo umwite mtu wa kuchomelea upande wa kushoto kama alivyoelekeza ndugu wa Mombasa, maana nyuma patakuwa pepesi na hakuna petroli karibu. Tenki la mbele nalo litoke kabla moto wa kuchomelea haujawashwa. Fedha yako iende kwa mpangilio huo: valvu na gaidi, mpira wa injini na kofia za plagi, hozi za petroli, mhimili wa kushoto. Rangi hata usiifikirie mwaka huu.

Ukitoa hedi, pima nyuzi za stadi (vijiti vyenye nyuzi vinavyoshika hedi) kwenye krenkikesi. Ile ni magneziamu, na ikichemshwa sana stadi zinavutika na nyuzi zake. Kama stadi ni za milimita 10, nati zake zikazwe kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), Nm 32 tu, kwa awamu mbili. Kama kuna stadi inayozunguka bila kukaza, simama hapo hapo utuandikie ni ya upande gani.