Čížov, mpakani mwa Ucheki na Austria: ua wa Pazia la Chuma ulifanyaje kazi, na siku moja inatosha?

Mwanakijiji_Reli aliuliza:

Wakuu, salaam. Mwezi wa tano nitakuwa Vienna, na siku moja nataka kuvuka kwenda Čížov, kile kijiji kidogo karibu na Znojmo ambako kipande cha Pazia la Chuma, yaani ule mpaka uliotenganisha nchi za kikomunisti na Ulaya Magharibi, kimebaki palepale kilipojengwa. Naomba kuelewa mambo mawili. Kwanza, je, huo ua unaoonekana leo ndio ule wa umeme uliokuwa ukiua watu? Pili, bila gari nafikaje, na nikishafika nitembee upande gani ili nifike mtoni na kuvuka kwa miguu hadi Austria? Viza yangu ni ya Schengen.

Sengenge_na_Historia alijibu:

Mkuu, hapana, na hapo ndipo wageni wengi wanapokosea. Ua wa kuua ulikuwa wa miaka ya 1950. Sheria ya kulinda mpaka ilitoka 1951, kisha zikasimamishwa safu tatu za seng'enge, na ile ya katikati ikapitishiwa umeme wa volti 3,000 hadi 6,000. Mahali pengine yalitegwa na mabomu ya ardhini. Umeme huo ulizimwa katikati ya miaka ya 1960.

Unaouona Čížov ni mfumo uliofuata, ambao Wacheki huuita *signální stěna*, yaani ukuta wa ishara. Nyaya zake zilibeba umeme hafifu tu. Ukikata waya mmoja, mkondo unakatika. Ukizibana mbili zikagusana, mkondo unapita njia ya mkato. Vyovyote vile, taa ilikuwa inawaka kwenye kambi ya askari wa mpakani na kuonyesha ni kipande gani cha ua kimeguswa, na doria inatoka papo hapo. Kazi ya ua ilikuwa kutoa taarifa na kumchelewesha mtu. Kukamata au kupiga risasi ilikuwa kazi ya askari na mbwa.

Ukisimama pale usiangalie waya peke yake. Kuna mnara wa ulinzi, kuna vyuma vya kuzuia vifaru vilivyounganishwa kwa kupishana, na kuna njia ya doria iliyofuata ua. Zamani kulikuwa pia na ukanda wa udongo uliolimwa na kulainishwa kwa haro ili alama ya kiatu ionekane asubuhi. Huo ukanda ndio uliokuwa "daftari" la askari: alama ikielekea kusini mtu ametoka, ikielekea kaskazini mtu ameingia. Kipande kilichobaki ni cha takriban mita 350. Karibu sehemu nyingine zote zilifumuliwa baada ya utawala wa kikomunisti kuanguka mwishoni mwa 1989, ndiyo maana hiki kina thamani kubwa. Usipande mnara.

Mpaka mzima wa Chekoslovakia, nchi ya zamani ya Wacheki na Waslovakia, uliua zaidi ya watu 250 kati ya 1948 na 1989. Nenda pale ukilijua hilo.

Ratiba_Mkononi alijibu:

Kuhusu usafiri: panda treni kutoka Vienna kupitia Retz hadi Znojmo, ni chini ya saa mbili. Kutoka Znojmo unachukua basi, na hapo ndipo siku inapoharibika. Mabasi ya kwenda vijiji vya mpakani ni machache, hasa wikendi. Tafuta safari kwenye IDOS, tovuti ya Kicheki ya ratiba za usafiri, lakini andika tarehe kamili, usitazame ratiba ya jumla.

Ukiwa kituoni, soma alama zilizo juu ya saa za basi. Nyundo mbili zilizopishana maana yake siku za kazi tu. Namba 6 ndani ya duara ni Jumamosi. Msalaba ni Jumapili na sikukuu. Wewe unakwenda mwezi wa tano, basi kumbuka kwamba tarehe 1 na tarehe 8 Mei ni sikukuu Ucheki: hata zikiangukia Jumanne, basi la nyundo halitokei. Watu husimama kituoni saa nzima kwa sababu hiyo tu.

Panga basi la kurudi kabla ya kupanga la kwenda. Upande wa Ucheki unatumia koruna, ukivuka hadi Hardegg, mji wa Austria ng'ambo ya mto, ni euro. Pasipoti iwe mfukoni. Ukaguzi wa kudumu uliondolewa tarehe 21 Desemba 2007 Ucheki ilipoingia Schengen, lakini polisi wana haki ya kukuuliza hati popote, na wewe si raia wa huko.

Mwanakijiji_Reli:

Shukrani sana wakuu. Swali dogo: nikiangalia ramani, mpaka ni Mto Dyje wenyewe, na ua uko mbali na mto, kilomita 2 hivi. Kwa nini hawakuujenga ukingoni?

Sengenge_na_Historia:

Umeona jambo la msingi kabisa. Kuna sababu mbili. Ya kwanza ni ardhi: kati ya Vranov na Znojmo Dyje imechimba korongo la zaidi ya kilomita 40, kina chake kinafika mita 220, na mto unajipinda kama nyoka. Ua wa kufuata kingo zile ungekuwa mrefu mara nyingi zaidi, na gari la doria lisingepita. Juu, kwenye uwanda ambako Čížov iko, ardhi ni tambarare.

Ya pili ni muda. Aliyefanikiwa kuvuka waya alikuwa bado yuko Chekoslovakia. Mbele yake kulikuwa na msitu, mteremko mkali, kisha maji. Askari walikuwa na dakika hizo zote za kumfuata. Ua ule ulielekezwa kwa raia wa ndani, na umbali huo wa kutoka mtoni unalithibitisha kuliko maandishi yoyote.

Kijiji chenyewe kilikuwa cha wasemaji wa Kijerumani, wakikiita Zaisa. Eneo lilimezwa na Ujerumani ya Hitler 1938, na baada ya vita Wajerumani wakafukuzwa.

Miguu_Dyje alijibu:

Njia ya kutembea: kutoka kijijini fuata alama za rangi. Alama ya Kicheki ni mistari mitatu ya mlalo, miwili ya nje ni myeupe, wa katikati ndio rangi ya njia yako. Ukitembea muda mrefu bila kuiona, rudi kwenye alama ya mwisho, usikisie. Barabara ya kushuka darajani haipitishi magari ya wageni. Ni kama kilomita 3 hadi darajani, kwenda ni mteremko na kurudi ni kupanda, hivyo jipe muda mrefu zaidi wa kurudi. Kabla ya kushuka, pinda kwanza kwenye Hardeggská vyhlídka, mahali pa kutazamia mandhari, uone ngome ya Hardegg na mto ukizunguka chini yako.

Daraja ni la 1874. Wakati wa Pazia la Chuma mbao za sakafu upande wa Chekoslovakia ziliondolewa, ikabaki mifupa ya chuma. Lilifunguliwa tena tarehe 12 Aprili 1990. Ni la waenda kwa miguu na baiskeli tu, na mpaka uko katikati yake. Hardegg hutajwa kuwa mji mdogo kuliko yote Austria. Ngome yake ina makumbusho yanayomhusu Kaisari Maximilian wa Meksiko.

Usijaribu kuvuka mto kwa kutembea majini hata kama kina kinaonekana kifupi. Bwawa la Vranov lililo juu linaachia maji kutoka chini kabisa, kwa hiyo ni baridi kali hata kiangazi, na mitambo ya umeme ikiwashwa kina hupanda ghafla.

Hii ni hifadhi ya taifa ya Podyjí, iliyotangazwa 1991: usitoke njiani, usiwashe moto, usilale porini. Msitu ulinusurika kwa sababu miaka 40 raia wa kawaida hawakuruhusiwa kuingia. Mwezi wa tano kupe ni wengi na baadhi hubeba ugonjwa wa ubongo, hivyo vaa suruali ndefu, ingiza ncha ndani ya soksi, na jikague nyuma ya magoti jioni.

Muda ukibaki, usiutumie kukimbilia kasri la Vranov siku hiyohiyo. Ukumbi wake wa mababu una picha za dari za mchoraji Rottmayr za mwaka 1695 na unastahili siku yake; Jumatatu hufungwa.