Mashine imeandika fibrileshoni ya atria, lakini naona mawimbi ya P

Tabibu, Wete

Assalaam alaykum. Bi mkubwa mmoja mwenye presha ya muda mrefu amekuja kituoni kwetu akilalamika kizunguzungu, na mapigo yake mkononi hayakwenda sawa. Mashine ya ECG, ile ya kupima umeme wa moyo, imechapisha kuwa ni fibrileshoni ya atria, yaani vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka ovyo. Hata hivyo, katika lidi ya II, mmoja wa michoro ya mashine, naona kama kuna P (wimbi dogo la atria) kabla ya QRS (wimbi kubwa la ventrikali, vyumba vya chini), ingawa mstari wenyewe unatikisika. Nikiikubali mashine, huenda akaanzishiwa dawa za kuzuia damu kuganda bila ya sababu; nikiikataa na ikawa ni kweli, nitakuwa nimemwacha na hatari ya kiharusi. Nianzie wapi?

Daktari, Unguja

Waalaykumu salaam. Maandishi ya mashine yasome mwisho. Chukua kipande cha karatasi, ukilaze ukingo wake chini ya vilele vya R, yaani ncha ndefu za QRS, utie alama ya kalamu kwenye vilele vinne vinavyofuatana, kisha ukisogeze mbele pigo kwa pigo. Katika fibrileshoni ya atria nafasi hupishana ovyo na hakuna P, kwa hiyo ukiona mapigo yamejipanga katika makundi yanayojirudia, una haki ya kutilia shaka. P ya kweli huwa na sura moja, nayo itafute pia katika lidi ya V1. Umbali kutoka P hadi QRS kwa kawaida ni miraba midogo 3 hadi 5, yaani sekunde 0.12 hadi 0.20, iwapo karatasi inakwenda milimita 25 kwa sekunde. Kasi usiipate kwa nafasi moja ya R hadi R. Hesabu QRS za sekunde 10, uzidishe kwa 6.

Muuguzi, Chake Chake

Kabla ya yote hayo, rudia kipimo. Mgonjwa anayetetemeka chini ya feni, au mwenye jasho hata elektrodi hazishiki, hutoa vijiwimbi vinavyofanana sana na fibrileshoni. Mfunike, mkaushe ngozi, mwambie alegeze mikono.

Tabibu, Wete

Nimerudia, na mstari umetulia. P zipo, tena zimepangika. Umbali wa P hadi QRS unarefuka pigo baada ya pigo, kisha P moja inabaki bila QRS, na mwendo unaanza upya.

Daktari, Unguja

Basi hiyo si fibrileshoni. Ni bloku ya daraja la pili, yaani baadhi ya mapigo ya umeme wa atria hayafiki kwenye ventrikali, aina ya kwanza, inayoitwa kwa jina la Wenckebach, na makundi yale ndiyo alama yake. Muulize dawa anazotumia, khasa atenololi, verapamili na digoksini, maana zote hupunguza kasi ya umeme baina ya atria na ventrikali. Asiache atenololi ghafla kwa hiari yake. Apelekwe hospitali leo pamoja na karatasi zote mbili na pakiti za dawa, na kama amewahi kuzimia, liandike hilo mwanzo kabisa wa barua ya rufaa.